Soksi ya Wakili

Guruneti lilikutwa kwenye begi la mwanafunzi, ndani ya soksi, asubuhi ya siku ya kurudi nyumbani.

Mwalimu wa historia ndiye aliyelikuta. Alikuwa anapekua mabegi kutafuta taulo za hosteli, maana safari iliyopita taulo zilivuka mpaka na wanafunzi. Akaliweka mezani katikati ya vikombe vya chai, akauliza begi ni la nani.

Lilikuwa la binti ambaye darasa zima lilimwita Wakili kwa sababu ya ubishi. Ukimwambia leo Jumatatu, anauliza nani kathibitisha.

"Umeliiba kule makumbusho," Mwalimu alisema.

"Sijaiba, Mwalimu. Nimeliokota."

"Wapi?"

"Kule mahandakini, jana tulipokula. Nilienda vichakani kujisaidia."

"Kibao kilisema watu wasitoke njiani."

"Nilibanwa, Mwalimu. Kibao hakijui kubanwa."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amewaleta watoto wa watu nchi ya jirani kuona vita ilivyopiganwa. Waliona makaburi, wakaona daraja lililovunjwa, wakaona makumbusho yenye maguruneti sita yamepangwa kwenye rafu, na mwisho mahandaki. Mama mwenye makumbusho aliwaambia vitu vya humo havina madhara, washike wapendavyo, wasivunje tu. Wakili alisimama mbele ya rafu ile muda mrefu kuliko wote, akibishana na yule mama kama kweli kitu kidogo vile kiliua watu. Kila mtu alimwona.

"Za mwizi arobaini," Mwalimu alisema.

"Sasa hii yangu ni ya ngapi?"

Hapo akajimaliza. Mwalimu alitangaza kwamba adhabu ya wizi ni kufukuzwa shule, na wakifika tu atamkabidhi kwa mama yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, aliyeinamia sare za nusu ya shule ili binti yake naye avae moja. Wakili alinyamaza. Hakuwahi kunyamaza hata siku moja, kwa hiyo wenzake wakaamini kweli kaiba.

"Lakini kwanza tutalirudisha," Mwalimu alisema. "Na litarudi safi."

Guruneti lilikuwa na udongo kwenye mifereji yake. Wakili alipewa ndoo, sabuni na mswaki wake mwenyewe, akalisugua huku Mwalimu amemsimamia. Kisha likaanikwa juani.

"Na soksi yangu?" Wakili aliuliza.

"Ushahidi," Mwalimu alisema, akaitia mfukoni mwa suruali.

Kabla basi halijaondoka, dereva aliliazima. Boliti ya kiti chake ilikuwa imechomoza, na nyundo aliisahau kwao. Akaigonga mpaka ikaingia.

"Chuma cha zamani hiki," alisema, akilipima mkononi. "Siku hizi hawatengenezi namna hii."

Aliona pete ya guruneti imeganda kwa kutu. Kwa shukrani akaipaka oili, akaizungusha huku na huku mpaka ikalegea. "Mwalimu, ukirudisha kitu cha watu, kirudi kizuri kuliko kilivyotoka."

"Mmesikia hayo?" Mwalimu aliwauliza watoto.

Njiani Mwalimu alilipitisha kiti kwa kiti. "Kila mtu alishike, ajue wizi una uzito gani."

Walilishika. Msichana mmoja alikubali kwamba wizi ni mzito kweli. Mvulana wa kiti cha nyuma alipitisha kidole kwenye ile pete, akamchumbia jirani yake. Jirani akamkataa, akalitupa kiti cha mbele. Likaanguka, likabingirika hadi kwenye kiatu cha Mwalimu, naye akalirudisha nyuma kwa wale waliokuwa bado.

Mama mwenye makumbusho alikuwa anafagia mlangoni. Mwalimu alimsukuma Wakili mbele, akatoa hotuba juu ya heshima, jina la shule na udugu wa nchi mbili. Ilikuwa hotuba nzuri. Wakili alingoja iishe, kisha akalinyoosha guruneti kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, mama. Naomba uwaambie sikuiba."

"Marahaba, mwanangu."

Yule mama hakulipokea. Aliegemeza ufagio ukutani, akachungulia ndani kwenye rafu. Maguruneti yalikuwa sita.

"Yetu ni ya mbao," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Seremala alichonga, tukapaka rangi. Mwanangu, tulia hivyo hivyo. Hilo umelitoa wapi?"

"Kule mahandakini," Wakili alisema. "Nilienda kujisaidia."

Wanajeshi waliitwa, wakalilipua palepale kwenye bustani ya makumbusho, maana hakuna aliyekubali kulibeba. Makumbusho yalipoteza vioo vya madirisha. Mtunza bustani alipoteza kibanda. Basi lilipoteza dereva mpaka kesho yake, kwa kuwa mikono ilikataa kushika usukani. Mwalimu wa historia alipoteza suruali, ambayo haikufaa tena kuvaliwa. Wakili alipoteza soksi iliyokuwa mfukoni mwa suruali hiyo.