Makofi ya Wimbo wa Tatu

"Hayo ya kinanda yaache," shangazi alisema, kisu kikiwa katikati ya kitunguu. "Nisomee ya makofi."

Mpwa wake alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, paka miguuni, simu mkononi, akisoma maoni ya wasikilizaji juu ya albamu mpya ya bendi yake. Bendi yenyewe ilipiga roki, tena ile ya nyimbo ndefu. Wimbo ukianza, unaweza kwenda sokoni, ukagombana na muuza nyanya, mkapatana, ukarudi ukaukuta bado unatafuta kiitikio.

Albamu zao za studio zilikuwa zimedoda zote. Hii mpya ilikuwa ya jukwaani, mbele ya watu, na bosi wa kampuni iliyozitoa alishawaambia bila kupepesa macho: hii nayo ikidoda, kila mtu ashike njia yake. Njia ya mpwa ilijulikana. Mjomba wake alikuwa amemwekea nafasi katika duka lake la rangi, na koti la kazi lilikuwa limeshashonwa.

Shangazi hakutaka hata kulisikia hilo koti. Alimlea kijana huyu tangu alipokuwa akipiga kinanda juu ya meza ya chakula, kabla hawajawa na kinanda, na ilimuuma kumwona sasa akiishika simu kila asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Huyu anasema, 'Albamu za studio zilinilaza usingizi. Hii imeniinua kwenye kiti. Watazamaji ndio walioipa uhai.'"

"Watazamaji!" Shangazi alitabasamu, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Beseni lilikuwa limekaribia kujaa vitunguu. "Endelea, baba."

"Mwingine. 'Wimbo wa tatu ni kichaa kitupu. Kinanda na gitaa vinakata ghafla, ngoma inabaki peke yake, inahangaika mpaka unaionea huruma. Halafu vyote vinarudi kwa mpigo mmoja, na watu wanalipuka kwa shangwe! Jamani, nani alibuni hilo?'"

"Mungu fundi," shangazi alisema.

"Na huyu hapa: 'Makofi ya mwisho yanaanza kama manyunyu, yanachachamaa, kisha yanatulia taratibu. Hadhira yenye adabu namna hii siku hizi haipo.'"

Shangazi alichagua kitunguu kingine, akakikata kwa madaha.

Kisha kidole cha mpwa kikasimama juu ya kioo cha simu.

"Nini tena?"

"Kuna mmoja anajiita Sikio Kavu. Anasema, 'Nimeisikiliza mpaka nimechoka. Hayo makofi si ya mikono. Aliyekuwepo siku hiyo na ajitokeze.'"

"Hana kazi huyo?"

"Watu wameanza kumuunga mkono, Shangazi. Wanaulizana nani alikuwepo."

"Waache waulizane. Njia ya mwongo ni fupi."

Mpwa alikohoa. Jiko lilikuwa na joto la kukera. Feni ilisimama tangu mchana, redio ilikuwa kimya, na chaji ya simu ilikuwa inaelekea ukingoni. Shangazi alimtazama kijana wake alivyonywea pale kizingitini, akaliona kabisa lile koti la duka la rangi likimkaa mabegani. Akaegemeza kisu kwenye beseni, akaanza kuchochea mkaa, ili mradi mikono ipate la kufanya.

Simu ikalia. Alikuwa bosi mwenyewe, na sauti yake haikuhitaji spika.

"Umeuona upuuzi wa huyo Sikio Kavu?"

"Nimeuona, bosi. Nilikuwa nataka nikueleze..."

"Unieleze nini? Nimeshammaliza! Nimemwandikia mbele ya watu wote: mimi nilikuwepo. Mstari wa mbele kabisa! Nilipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Amefyata mkia, na waliobaki wote wamekumbuka kwamba nao walikuwepo."

Mpwa alimtazama shangazi. Shangazi akaangalia mkaa.

"Asante, bosi," mpwa alisema.

"Asante baadaye. Nataka albamu ya pili ya jukwaani, haraka. Ila sikiliza: hadhira ile ile! Msiniletee watu wengine wakaniharibia."

"Ile ile, bosi."

Simu ikazima kwa kuishiwa chaji. Shangazi alifuta macho tena, na safari hii vitunguu havikuhusika.

"Mwambie mjomba wako koti alivae mwenyewe," alisema, akiinjika karai la mafuta juu ya mkaa. "Kawaite wenzako. Waje na ngoma, upesi, kabla hali haijabadilika."

Wenzake walikuwa nyumba ya jirani tu. Wakaja mbio, wakapanga ngoma sebuleni, kati ya kabati na kochi. Kinasa sauti cha betri kikawekwa juu ya stuli mlangoni mwa jiko, mahali pake pa siku zote. Mpiga ngoma akaanza peke yake. Akahangaika, jasho likamtoka, wenzake wakimtazama huku vidole vyao vikingoja juu ya vyombo vilivyokufa.

Ghafla umeme ukarudi, taa ikawaka. Mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, ukalipuka kwa shangwe. Kinanda na gitaa vikaingia kwa mpigo mmoja. Na wimbo ulipokubali kwisha, shangazi akamwaga beseni zima la vitunguu kwenye mafuta ya moto. Makofi yakaanza kama manyunyu, yakachachamaa, kisha yakatulia taratibu, na mstari wa mbele kabisa, kama siku ile, alikuwepo paka peke yake.