Karamu ya Paka

Fundi wa kusuka waya alichambua miiba ya samaki kwa makini, utadhani anamlisha mtoto mchanga. Minofu akaipanga kwenye sinia la wageni, akalitoa mlangoni. Paka wa mtaa mzima wakalivamia.

Mkewe alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Sinia langu hilo."

"Nitaliosha."

"Baba watoto, sisi tule mboga tupu, mapaka yale minofu?"

"Wana njaa hawa, mama. Huoni wanavyohangaika?"

Mkewe alikuwa na sababu ya kuwaka. Karakana ilikuwa imedoda. Kazi za waya za mumewe zilining'inia ukutani zikishika vumbi, hakuna hata wa kuuliza bei. Kaka yake alishatamka kwamba mwezi ukiisha hivi, shemeji yake afunge karakana, aje kumfungulia geti. Alilisema akicheka, mbele ya watoto, na dada mtu liliendelea kumuuma.

Paka nao walizoea upesi. Mwanzoni walifika wembamba, wepesi, masikio yamechanika, wakararuana kugombea sinia. Baadaye kila mmoja akajua nafasi yake. Wakanenepa. Wakishashiba walijimwaga barazani, matumbo juu, na hata nzi akiwatua puani hawakujisumbua.

Mtaa ukamsifu fundi. Aliyezidi kusifu ni jirani yao, mwoka mikate.

"Shemeji, mumeo ana roho nzuri," alimwambia mke wa fundi. "Hata paka wangu Askari kahamia kwenu. Kule stoo hakanyagi tena, na mimi nimepumua, maana alikuwa hanipi raha kwa kudai maziwa."

Mke wa fundi akanuna tu. Roho nzuri ya mumewe haikuwa ikijaza sufuria.

Mwezi ulipokaribia kuisha, kaka mtu alileta sare ya mlinzi, imepigwa pasi vizuri, akaiacha mezani. Mke aliitazama, machozi yakamlenga. Mume aliijaribu kofia, akaona inambana, akairudisha mezani. Kisha akatoka kwenda kununua samaki wengine, wakubwa zaidi.

Asubuhi yake mwoka mikate aliingia karakana bila hodi, ameshika mfuko wa unga uliotoboka kila upande. Nyuma yake walikuja mwenye duka la nafaka na fundi cherehani, wote wamenuna.

"Fundi, nipe yote iliyopo ukutani."

"Ukimpa yote, sisi je?" mwenye duka la nafaka alimsukuma mwenzake kando. "Panya wamenimaliza mimi zaidi."

"Poleni sana, majirani," fundi alisema kwa sauti ya huzuni. Akamruka Askari, aliyekuwa akikoroma kizingitini, akaanza kuangua mitego.