Mgongo Uliokataa Kitanda

Sindano ilimchoma kidole gumba akiwa amezamisha mkono mpaka kiwiko kwenye bomba la maji machafu la nyumba ya wageni. Aliitoa, akaitazama. Ilikuwa na damu iliyoganda, na haikuwa yake.

Fundi bomba hakumaliza kazi ile. Aliosha kidole kwa sabuni, akaenda kliniki na nguo zake za kazi. Kwenye foleni watu walimpisha haraka, kwa sababu ya harufu.

Muuguzi alimpima papo hapo. Hana virusi vya Ukimwi. Fundi akainuka kushukuru. Muuguzi akamwambia akae. Kipimo cha leo, alimweleza, kinasema habari za zamani. Kama virusi vimeingia leo, zitapita wiki kadhaa kabla kipimo hakijaviona. Akampa dawa za kinga za mwezi mmoja, akamsifu kwa kuwahi, maana zikishapita siku tatu dawa hizo hazisaidii tena. Arudi baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo, nyumbani atumie kondomu.

"Mkeo anajua hali yake?" muuguzi aliuliza.

"Mke wangu ni mtu wa nyumbani," alijibu Fundi, akachukua dawa zake.

Kondomu, baada ya miaka tisa ya ndoa, ingetaka maelezo. Na habari ya bomba nani angeiamini? Jioni ile Fundi alishika kiuno, akatangaza kwamba mgongo umekataa kitanda, akahamia kwenye kochi.

Mkewe hakubisha. Alimletea shuka, na tangu hapo akawa anamchua mgongo kila jioni, mgongo mzima usio na kosa lolote, mpaka ngozi ikaanza kubabuka. Fundi aliguna kila alipoona panafaa kuguna. Shemeji yake alipokuja kusalimia alilitazama lile kochi, akamwambia dada yake bila kupunguza sauti kwamba huyu bwana ana mtu. Mke alisema mgongo ni mgongo, akamwongezea chai.

Wiki sita zikafika: hana virusi. Miezi mitatu ikafika: hana. Muuguzi alimpa mkono, akamwambia sasa anaweza kulala usingizi.

Fundi alifika nyumbani, akafunga mlango wa chumbani, akasema yote akiwa amesimama: bomba, sindano, kliniki, vidonge alivyovificha chini ya misumeno, mgongo wa uongo. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kushtuka.

"Dawa ulianza kabla siku tatu hazijapita?" aliuliza.

"Siku ileile."

"Vizuri."

Fundi alikaa kitandani, kifua kikiwa chepesi. Kisha akakumbuka kwamba siku tatu hakuwa amezitaja. Akauliza ni nani aliyemfundisha mambo hayo.

Mkewe aliweka shati chini.

"Mimi siku tatu hizo zilinipita, kabla hujanioa," alisema. "Nameza dawa kila siku, ndiyo maana wewe ni mzima. Kukuambukiza, sikukuambukiza. Kukuambia ndiko kulikonishinda."