Risasi ya Sita ya Orrin

Sherifu aliikung'uta bastola ya marehemu Orrin juu ya tandiko la farasi. Zilitoka risasi tano nzima, za shaba ya njano, na ganda moja tupu, jeupe.

"Imemponyoka, nyundo yake ikagonga jiwe, ikafyatuka," alisema. "Hizi za mtindo wa zamani ndivyo zilivyo."

"Haiwezekani!" mjane alimkatiza. "Bastola anazo kumi na saba, zote za kuagiza kwa fundi, na kila moja huitia risasi tano tu. Tundu la chini ya nyundo huliacha tupu, isije ikamlipukia. Muulize shemeji hapa. Si ndiye anayemcheka kila msimu?"

Nilimcheka kweli. "Dubu akija utamwambia asubiri ya sita?" Orrin alitabasamu tu, akaendelea kuusugua ule mpini wa pembe ya kulungu kwa kidole gumba.

Asubuhi ya kifo chake niliona nyayo za dubu kando ya kijito, mbichi kabisa. Orrin alikuwa akichota maji. Bastola yake ilining'inia kwenye tawi la msonobari, risasi zetu ni saizi moja, na sikutaka rafiki yangu apungukiwe.

Sherifu aliliinua lile ganda jeupe. "Basi hii ya sita imetoka wapi?"

Mjane alinigeukia. Upepo ulikuwa ukilivuta koti langu, na chini yake mkanda wangu ulikuwa umejaa risasi nyeupe, isipokuwa nafasi moja.

Nililifunga koti, kifungo kwa kifungo, hadi shingoni.