Wimbo wa Bwawani

Asubuhi ile Chiriku na mkewe walikula mtama pamoja. Kisha Chiriku akaenda kwa Mamba, aliyetafuta mpiga mbiu wa kuwashusha wanyama bwawani kwake.

"Niwaambie maji ni matamu?"

"Hapana, bwana. Waambie wenzao wameshakunywa, na yamebaki kidogo. Anayeogopa kukosa haulizi swali."

Chiriku akaimba hivyo kutwa, kwa ustadi. Jioni hakumkuta mkewe kiotani.

"Shemeji ameshuka bwawani," jirani yao Njiwa akamwambia. "Alisema sauti yako haijamdanganya hata siku moja."

Bwawani Chiriku alikuta manyoya yakielea.

Kesho yake alfajiri alitua ukingoni, akawaambia swala waliokuwa wakija, "Humu mna Mamba. Amemla mke wangu."

"Mbona leo umepoa, kaka?" wakasema. "Wa jana ndio ulikuwa wimbo." Wakashuka kunywa.