Chumba Nyuma ya Kabati

Mtaa mzima ulijua kwamba mthamini wa manispaa anakuja, na kila nyumba ilikuwa imeshapungua chumba kimoja.

"Weka kabati mbele ya mlango wa chumba cha nyuma," jirani alimfundisha Bi Mkubwa kutoka ng'ambo ya ukuta. "Chumba kisichoonekana hakilipiwi kodi."

Bi Mkubwa alilisukuma peke yake, kwa mgongo, kutwa nzima.

Sasa mthamini alikuwa sebuleni. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alimpa Bi Mkubwa ncha ya tepu ya kupimia.

"Shika hapo, mama, usiachie."

Hakuachia. Mthamini alipoivuta kutoka ukuta wa pili, tepu ilimtetemekea vidoleni. Tangu mzee wake afariki na watoto watawanyike, hapakuwa na mtu upande wa pili wa kitu chochote alichoshika.

Walipima sebule, wakapima jiko, wakapima chumba cha kulala. Kisha mthamini akaivuta tepu, nayo ikamponyoka Bi Mkubwa, ikarudi ndani ya kasha lake, tap.

"Tumemaliza, mama. Nyumba yako ndogo, kodi haitakuumiza."

"Si ukae unywe chai?"

"Siku nyingine. Mtaa bado mrefu."

Alikuwa ameshashika kitasa.

"Baba, subiri," Bi Mkubwa alisema. "Kuna chumba hujakipima."

Mthamini akageuka. "Kiko wapi?"

"Njoo ushike huku, nami nishike huku. Kabati hili si la mtu mmoja."