Viganja Vitatu vya Msesewe

Siku hizo mgeni haji, hutumiwa ladha. Tangu afiwe na mkewe, Mzee Kundaeli alikuwa akijifunza kupika mbege, pombe ya ndizi. Kila Jumapili alichovya ulimi wa chuma, kile kifaa cha kutuma ladha, ndani ya kata ya mbege, na wanawe watatu, kila mmoja na mji wake, wakaionja huko huko waliko.

Ya kwanza ilikuwa chungu kama shubiri.

“Baba, msesewe umezidi!” alilalamika Ndeshi, kifungua mimba wake. “Lile gome mama alitia kiganja kimoja tu!”

Wakabishana naye saa nzima, wakacheka, wakamkumbuka mama yao. Ya pili ilikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi, wakabishana tena. Ya tatu ikatoka safi.

“Tamu, baba!” wakasema, wakazima mitambo yao.

Jumapili iliyofuata alitia viganja vitatu makusudi, akachovya ulimi, akakaa kusubiri kugombezwa.

“Tamu, baba! Kama ile ile!” Wakazima.

Ulimi ukasema kwa upole: “Uchungu umeondolewa kabla ya kutuma.”

Kimila, mwenye pombe huonja kwanza, ndipo ampe mgeni. Mzee akaonja, uso ukamkunjamana. Akabaki ameishika kata kwa mikono miwili, hana wa kumpa.